Rejeta ya Mzee Yeslam

Mercyline aliuona ule ukoko mweupe kabla hajajua gari ni la nani. Ulikuwa umeshika shingoni mwa rejeta, mwembamba na mkavu, kama ule unaobaki mdomoni mwa birika la nyumba inayochemsha maji ya kisima. Gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yao pale Bofu, boneti juu, likifuka mvuke, na kijana aliyeliendesha alikuwa akilipepea kwa gazeti kana kwamba ni mgonjwa wa homa. Mercyline alikuwa mlangoni na karai lake la viazi. Akasahau kuvigeuza.

Ndipo alipotazama vizuri. Landkruza ya rangi ya maziwa, mlango wa nyuma umebonyea pale ulipopigwa kikumbo na ng'ombe wa Kinango. Miaka kumi hakuwa ameliona gari lile.

"Lewa!" sauti iliita kutoka kiti cha abiria. "U hai bado wewe?"

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akigonga bati la jiko. Hakuinua kichwa mara moja.

"Ni hai, mzee. Nawe je, hawajakuzika?"

"Walijaribu. Nikawaambia kaburi ni fupi."

Mzee Yeslam alishuka polepole akishikwa mkono na mwanawe, Amir, kanzu yake imelowa jasho mgongoni. Alikuwa mrefu bado, ila sasa urefu wenyewe ulikuwa umeinama. Mercyline akaifuta mikono yake kwenye kanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu si yule mtoto aliyekuwa akibeba mitungi ya maji? Mashallah, amekuwa mtu mzima!"

"Abee," Mercyline alijibu, ingawa hakuwa ameitwa, akarudi kwenye viazi vyake vilivyokwisha kuungua upande mmoja.

Zamani, hapo yalipopangwa majiko ya bati ndipo palipokuwa na gereji. Haikuwa na kibao. Mtu akishuka feri na gari bovu akauliza fundi wa magari ya porini, alielekezwa kwa Lewa, Bofu, na hata wauza maji waliijua njia. Yalikuja magari ya wapima ardhi, ya wachimba mchanga, ya wenye mashamba ya Kwale ndani, yote yamepakwa udongo mwekundu hadi madirishani. Asubuhi palinuka dizeli na chai ya tangawizi. Madereva walikaa juu ya magurudumu makuukuu wakitaniana, na redio iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo iliimba taarabu mpaka betri ikazimia katikati ya wimbo, kisha madereva wakaumalizia wenyewe, vibaya.

Mercyline alikuwa na miaka kumi na moja, na kazi aliyoipenda kupita zote ni ile baba yake aliyoiita kusoma rejeta. Gari likiwa la moto, Lewa alifungua wavu wa mbele, akainyunyizia rejeta maji kidogo, akachutama kutazama. Palipopita maji ya moto kwa ndani, nje palikauka mara moja. Palipoziba, palibaki na unyevu. "Hapa panasema," alimwonyesha kwa kidole, "na hapa pamenyamaza." Darasani Mercyline alikuwa msomaji wa polepole, wa kusubiriwa. Mbele ya rejeta hakuna dereva aliyewahi kumtangulia.

Mwaka uleule mama yake alilazwa, na nyumbani pakakosa mtu wa kupika na kuteka maji. Baba alisema atarudi shule muhula utakaofuata. Muhula ukaja, ukapita. Mama hakurudi, na habari ya shule haikutajwa tena.

Maji ya rejeta yalikuwa lazima yawe ya bomba. Hilo Lewa alilishikilia kama mtu ashikavyo saumu. Maji ya kisima yana chumvi, alisema, yanakula chuma na kuacha ukoko. Lakini bomba lilikuwa mbali, na njia ya kwenda huko ilipita mbele ya lango la shule. Mara ya kwanza Mercyline alipopita na mtungi kichwani, ilikuwa saa ya mapumziko. Wenzake wa darasa la sita walikimbilia kwenye ua. "Mercyline, wewe umeshamaliza shule?" mmoja aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, lakini wengine walicheka. Mara ya pili hakufika langoni. Alikata kona, akachota kisimani kwa jirani yao, Bi Mwanasha, akarudi. Mtungi ulikuwa mzito vilevile, na maji yalikuwa meupe vilevile.

Landkruza ya Mzee Yeslam ilipita gereji kila Jumatatu, ikitoka dukani kwake Kongowea na marobota ya vitambaa na magunia ya sukari, ikielekea Kinango. Ilikuwa na mvujo mdogo usiopatikana, kwa hiyo kila Jumatatu iliongezwa nusu mtungi. Mwaka mzima ikanywa chumvi. Halafu siku moja ikachemka katikati ya pori, mpira wa chini wa kupitisha maji ya rejeta ukachomoka, hedi ya injini ikapasuka, na Mzee Yeslam akalala juu ya marobota yake akisikiliza fisi.

Hakuja kulaumu. Alituma salamu, akalivuta gari hadi uani kwake Kisauni, likalala huko, naye akawa haonekani. Ukimya ule ndio uliomla Lewa. Alfajiri ya safari ile alikuwa ameubadilisha mpira uleule, na kila alipojiuliza kama aliikaza klipu inayoubana, hakukumbuka. Alijiuliza wiki nzima. Mwishowe akajijibu kwamba hakuikaza. Fundi asiyejua mkono wake umefanya nini, alisema, asishike gari la mtu. Akauza spana zake, akabaki na nyundo.

Mercyline aliiona klipu ile ikikazwa. Ndiye aliyekuwa ameshika tochi. Lakini baba yake hakumwuliza, naye hakusema, maana alijua swali hilo likijibiwa litakuja la pili.

"Hedi mpya," Amir alikuwa sasa akihesabu kwa vidole kando ya gari. "Gasketi mpya. Pampu ya maji mpya. Feni mpya. Fundi mmoja wa Changamwe ametoa hata themostati. Mwingine alikuja na kompyuta, akatafuta pa kuichomeka mpaka akatoka jasho."

"Akapapata?" Lewa aliuliza.

"Apapate wapi? Gari lina umri kumshinda."

Mzee Yeslam alicheka hadi akakohoa. Amir hakucheka. "Mimi nimechoka, Mzee Lewa. Ni baba tu, anataka kufika Kinango kwa gari hili, si kwa jingine. Likishindikana leo, kesho linakwenda kwa wakata vyuma."

"Nataka kuwaona watu wangu," Mzee Yeslam alisema. "Waliobaki."

Lewa alikigeuza kipande cha bati mkononi. "Mzee, mimi siku hizi ni fundi wa majiko."

"Sikwambii ushike. Nakwambia utazame. Macho nayo umeyauza?"

Lewa akatabasamu bila kutaka. Aliweka nyundo chini, akasogea, mikono ameikunja nyuma kama mgeni aliyeingia nyumba yenye vyombo vya kuvunjika.

"Linachemsha likiwa wapi? Likisimama, au likienda?"

"Foleni ya feri lilitulia kabisa," Amir alijibu. "Lilipoanza kupanda kutoka feri, geji ya joto ikaruka. Na kwenye mchanga ndiyo usiseme."

"Likisimama limetulia. Basi feni mliisumbua bure." Akainama. "Na rejeta je?"

"Ilioshwa. Ikapakwa rangi."

"Imepakwa wanja," Lewa alisema, na Mzee Yeslam akapiga mkongojo chini kwa furaha.

Wakasubiri injini ipoe. Mercyline aliwapa viazi na chatini ya ukwaju, vile vilivyoungua akavificha chini ya sahani yake mwenyewe. Wazee walikula wakiwataja madereva wa zamani, nani amekufa, nani ameoa tena, nani alisukuma gari la watu hadi Ng'ombeni akidhani limeishiwa mafuta kumbe hakuwasha. Kwa nusu saa ile gereji ilikuwa imerudi. Palikosekana redio tu. Mercyline alimtazama baba yake akicheka na mdomo umejaa, akafikiri kwamba hajamwona hivyo tangu awe na miaka kumi na miwili.

Kifuniko cha rejeta kilipogusika, Lewa aliamuru wengine wafanye. Amir alikifungua, akajaza maji ya bomba, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Lewa alikaza macho kwenye shingo ya rejeta.

"Hakuna povu. Gasketi ni nzima. Sasa likanyage kidogo, lipate moto." Baada ya muda akasema, "Mercyline, shika mpira wa juu. Taratibu."

"Unachoma, baba."

"Wa chini?"

Aliupitisha mkono chini. "Umepoa."

Lewa aliinama mbele ya wavu. Kisha, bila kumtazama, alisema lile neno ambalo hakulitumia kwa miaka kumi. "Lete maji tusome."

Amir alizima injini, akafungua wavu wa mbele. Mercyline alichovya mkono kwenye kopo, akainyunyizia rejeta kutoka juu hadi chini, akachutama. Baba yake akachutama kando yake, goti lake likalia. Pande mbili zilikauka mara moja, kwa mvuke mwembamba. Katikati pakabaki pameng'aa.

"Unaona nini?"

"Kushoto panasema. Kulia panasema." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kati pote pamenyamaza."

"Vizuri," Lewa alisema, na neno hilo lilimwuma Mercyline kuliko tusi. Lewa aliinuka, akaukwangua ukoko wa shingoni kwa ukucha, akauweka ulimini, akatema. "Chumvi. Maji ya kisima. Ilikauka humo ndani gari lilipolala, imekuwa saruji. Mngebadilisha hata injini, lingechemka."

"Nilijua!" Amir aliruka. "Hao hao wa Changamwe. Watu wanatia maji yoyote!"

Lewa aliufuta ukucha kwenye suruali. Mercyline aliliweka kopo chini. Lawama ilikuwa imepata mwenyewe, tena mtu wa mbali asiyekuwepo kujitetea. Gari litapona. Mzee atafika Kinango. Hakuna aliyelazimika kujua zaidi ya hapo.

"Basi ifungue, mzee," Amir alisema, akatoa spana kwenye sanduku la gari, akamnyooshea Lewa. "Tuipeleke ikazibuliwe, kisha uifunge mwenyewe. Mimi simwamini mtu mwingine tena."

Mikono ya Lewa ilirudi nyuma ya mgongo wake.

"Kufungua, hata wewe utafungua. Kufunga ndiko. Mimi niliiacha klipu ya gari hili wazi, baba yako akalala na fisi."

"Lewa," Mzee Yeslam alisema, "mimi sikusema hivyo hata siku moja."

"Hukusema. Ndiyo maana nilijua."

Amir aliiweka spana juu ya bawa la gari. Mzee Yeslam alimtazama rafiki yake. Alianza kuutafuta mkongojo wake. Lewa alirudi kwenye kigoda, akaliokota bati, akaligonga mara moja, mara mbili, mahali palipokwisha kunyooka. Uso uliokuwa ukicheka nusu saa iliyopita ulikuwa umejifunga.

"Haya, baba," Amir alisema. "Twende."

"Klipu uliikaza."

Ilimchukua kila mtu muda kujua nani amesema. Mercyline alikuwa bado amechutama mbele ya rejeta, mgongo amewapa.

"Uliikaza, baba. Kisha ukarudi ukaikaza tena, ukasema hii hata shetani haifungui. Tochi nilikuwa nimeishika mimi. Mpira ulichomoka kwa sababu gari lilikuwa linachemka, halikuchemka kwa sababu ya mpira." Akaunyooshea kidole ukoko wa shingoni. "Na kaka Amir, wa Changamwe usiwasingizie. Haya ni maji ya kisimani kwa Bi Mwanasha. Niliyatia mimi, kila Jumatatu, mwaka mzima."

Nyundo ilikuwa imenyamaza. Alimsikia baba yake akiinuka, akasikia ndara zake zikija juu ya mchanga, na akatarajia kofi, ingawa hajawahi kupigwa na mkono ule. Lewa alimpita. Aliichukua ile spana juu ya bawa la gari, akaipima kiganjani, akaigeuza upande wa pili, kidole gumba kikapata mahali pake. Kisha akachutama kando ya binti yake, goti likalia tena.

"Bomba ulilijua," alisema polepole. "Nilikuonyesha mwenyewe. Kwa nini, mwanangu?"

Mercyline aliitazama rejeta, pale katikati palipokuwa bado pamelowa.

"Njia ilipita shuleni, baba. Wenzangu walikuwa ndani, na mimi nilikuwa nje na mtungi. Nilikuwa nataka kurudi. Kila muhula nilikuwa nataka kurudi, na sikujua nikwambie vipi."