Kadi ya Kidawa

Mjaka alikuwa mtu wa hesabu, tena hesabu za kweli, si za kubahatisha. Babu yake kule Makunduchi alimfundisha kujumlisha kwa kokwa za tende juu ya jamvi. Alipopata kazi mjini akawa anahesabu kwa vijiti vya wino, vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yake. Kisha ofisini ikaletwa mashine ya kuzungusha mpini, inakoroma huku inatoa jumla, na Mjaka akawa haambiwi kitu kuhusu mashine yake. Halafu, mwaka wa hamsini na nane, ilipoamriwa watu wote wahesabiwe, ikashuka bandarini mashine ya kadi, kubwa kama kabati la bibi harusi. Mjaka akawa miongoni mwa makarani sita waliofundishwa kuilisha.

Kila mtu kadi yake. Mwanamke, toboa hapa. Miaka mitano, toboa pale. Kadi zikipita ndani, penye tundu umeme unapenya, na mashine inajumlisha yenyewe, mamia ya watu kabla hujamaliza kupiga chafya.

"Bwana Muhiddin, mkubwa wetu, anasema Ulaya washaunda kubwa kuliko hii," alimwambia mkewe, Mwatima, siku moja wakila. "Inajaza nyumba nzima, imejaa taa za vioo, na inakumbuka."

"Inakumbuka? Mashine?"

"Kila ulichoiambia."

"Na usichoiambia?"

Mjaka akacheka mpaka akapaliwa na wali. "Mwatima, nawe una maswali!"

Sasa Mwatima kwao watoto hawahesabiwi. Ukimuuliza anao wangapi, atakujibu, "Wapo, alhamdulillahi," basi, yamekwisha. Wawili wakubwa, Makungu na Duni, walikuwa wavulana wa kupanda minazi. Baada yao alizika wawili, hata majina hawajapewa. Ndipo akaja Kidawa, na Kidawa huyo alilindwa! Hakutoka nje bila masizi ya kukinga jicho kwenye paji la uso, na akisifiwa na jirani, mama mtu alikosa raha siku nzima.

Karani wa kuhesabu watu alipobisha hodi nyumbani kwao Kikwajuni, Kidawa alikuwa keshapelekwa jikoni uani, kapewa ungo wa mbaazi amenye, kaambiwa anyamaze.

"Watoto wangapi, Bwana Mjaka?" aliuliza karani, kalamu mkononi.

Mjaka akafungua kinywa. Akamwona Mwatima amesimama mlangoni, kanga kaibana kwa meno, macho yanamwomba.

"Wawili," akasema.

Mtu wa hesabu huyo! Wallahi, na kalamu alipopewa atie saini, akatia. Na uani kule mtoto keshasahau kunyamaza, anaimba peke yake na mbaazi zake.

Wiki tatu baadaye surua ikaingia mtaani. Kidawa aliugua siku sita. Siku ya saba Mjaka alimbeba mwenyewe mpaka makaburini, mikononi, maana mtoto wa miaka mitano hana uzito wa kumshinda baba yake. Aliporudi alikaa barazani hata watu wa matanga hakuwaona.

Arubaini ilipokwisha, Mwatima akaja kukaa mbele ya mumewe.

"Baba Makungu, nlimficha na jicho," akasema, "kumbe nlikuwa nnamkana. Nyinyi mmeandika watu wa Unguja wote, mpaka vichanga vya juzi. Mwanangu hayumo. Kama kwamba sikumzaa." Akashindwa kuendelea. Kisha akasema, "Nitobolee kadi yake. Sikuombi kitu kingine maisha yangu."

Mjaka alijua ni kosa, tena la kufukuzwa kazi. Akaitoboa. Mwanamke, miaka mitano, kazaliwa Unguja. Akatafuta mahali pa jina, ingawa alijua vyema kwamba mashine haina mahali pa jina. Akaipachika katikati ya kadi za Kikwajuni.

Bunda lilikuwa na watu mia tatu na kumi na mbili kwenye karatasi ya jumla. Mashine ikapitisha, ikasimama. Mia tatu na kumi na tatu.

"Kazidi mtu mmoja," akasema Bwana Muhiddin. "Rudieni."

Wakarudia. Mia tatu na kumi na tatu. Makarani wakaanza kuguna, maana sasa kila kadi ingelinganishwa na fomu yake kwa mkono, na yeye huyo mmoja angepatikana tu.

"Ni wangu," akasema Mjaka.

Bwana Muhiddin akamvuta pembeni, na Mjaka akamweleza yote, hakubakisha. Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Siku ya kuhesabiwa alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa jikoni anamenya mbaazi."

"Basi mashine imesema kweli." Akaifungua fomu ya nyumba ya Mjaka, yenye watoto wawili, akamwekea kidole chini ya mstari. "Lakini saini hii ya nani, Mjaka?"

Mjaka akaitazama saini yake, nzuri, imenyooka, saini ya mtu wa ofisi. Akarudi kwenye bunda, akaitafuta ile kadi, akaichomoa kwa mkono wake mwenyewe, akaitia mfukoni mwa koti. Mashine ikapitisha mara ya tatu: mia tatu na kumi na mbili. Makarani wakapiga makofi, masikini, hawakujua.

Mwatima alikuwa akimngoja mlangoni, bila hata kujitanda vizuri.

"Kaingia?"

Mjaka akamtazama mkewe. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Kaingia," akasema.

Mwatima akaketi palepale kizingitini, akalia kilio cha kupumua. Kisha akanyanyua mkono mbele ya watu wa njiani, yeye ambaye hakuwahi kuhesabu wanawe, akakunja vidole kimoja kimoja kwa sauti. "Makungu. Duni. Kidawa. Watatu, Baba Makungu. Tuna watoto watatu."

"Watatu," akasema Mjaka.

Mwatima akamwambia avue koti, joto hilo. Mjaka akasema ana baridi, akaketi kando yake, kiganja kimefunika mfuko.