Kovu Ndani ya Riwaya

Woyinshet alikuwa ameingojea zamu yake kwa hasira iliyoiva. Katika kikundi chao cha wasomaji, mwenye zamu ndiye hupika kahawa, ndiye huzungumzia riwaya aliyoipenda kuliko zote, na ndiye huchagua kitabu kijacho. Na pale Addis Ababa, mgeni anayeinuka kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka, ameitukana nyumba. Mwenzao Sosina, na heshima zake zote, asingethubutu.

Ubani ukiwa unafuka na bisi zikipita mkono kwa mkono, Woyinshet alitoa riwaya aliyoiandika Sosina mwenyewe.

“Nikipendacho ni hiki,” akasema. “Nimekisoma mpaka karatasi zimelegea.”

“Jamani shoga yangu, utanivimbisha kichwa.”

“Wacha kivimbe,” akadakia mama Zenebech, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi. “Tangu kitabu kiingie madukani hujatununulia hata soda.”

Wakacheka, wakamaliza kikombe cha kwanza. Kila mmoja alijua riwaya ile ni maisha ya Woyinshet: mume aliyeondoka, mke aliyebaki akilia. Sosina ndiye aliyemfuta machozi siku zile, kisha akaenda kuyaandika. Tangu hapo watu walimwonea Woyinshet huruma hadi sokoni, na huruma hiyo ilimchoma kuliko talaka yenyewe.

Akamimina kikombe cha pili.

“Hongera zako, mwenzangu. Niliyokusimulia yote umeyaandika vizuri, hata kukoroma kwake. Limenishinda moja tu. Hilo kovu la kuungua, juu ya paja la kulia. Nani alikwambia?”

“Si wewe?”

“Mimi sikumwambia hata padri. Nilimmwagia kahawa ya moto siku ile ile aliyoondoka, nikaona aibu. Alitoka na malengelenge, akaenda kuponea huko alikokwenda. Mimi mkewe sijui lilikuja kuwaje. Wewe umeandika linafanana na jani, na kwamba ukiligusa gizani ni laini.”

“Riwaya ni kubuni,” Sosina akasema.

“Ukabuni paja lenyewe hasa?”

Hakuna aliyecheka. Wanawake waliangalia vikombe vyao, kisha wakamwangalia Sosina, na safari hii hapakuwa na wa kumwonea Woyinshet huruma. Sosina akajifunga shuka lake, akaanza kuinuka.

“Kaa, mwanangu,” mama Zenebech akasema bila tabasamu. “Baraka bado.”

Sosina akakaa. Woyinshet alimjazia kikombe cha tatu, mkono wake umetulia. Alifurahi, akafurahi kweli, wala hakuona sababu ya kuificha furaha yake.

“Haya, tuchagulie,” mama Zenebech akamwambia. “Tusome nini mwezi ujao?”

“Hiki hiki. Tukirudie tangu ukurasa wa kwanza, polepole. Na atusomee mwandishi.”