Ripoti ya Mgongano wa Pili

Asubuhi kweupe, bahari imetulia kama maji ya mtungini, meli ya mizigo iliipiga ubavu boti ya abiria. Mpishi wa boti akafa. Mchunguzi wa ajali, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Bi Miwani, alikwenda hospitalini kuzungumza na afisa aliyekuwa zamu kwenye meli ile.

"Nilisinzia, mama," afisa alisema, uso kaugeuzia ukutani. "Tuko wawili tu. Saa sita kazini, saa sita mapumziko, wiki ya tatu sasa. Na hayo mapumziko yenyewe yanaliwa na shehena na makaratasi. Usingizi hauna adabu."

Bi Miwani aliacha kuandika. Malalamiko hayo aliwahi kuyasikia.

Ofisini alifungua kabati la majalada. Miaka miwili nyuma, meli ileile iligonga gati, na aliyechunguza ni yeye. Afisa wa wakati ule alikuwa ameeleza: "Nimelala saa nne tu kwa siku mbili." Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe Bi Miwani, palikuwa na neno moja: Visingizio. Akahitimisha kwamba chanzo ni uzembe. Afisa akanyang'anywa leseni, na meli ikaendelea na maafisa wake wawili.

Alimwonyesha mkuu wake jalada lile.

"Dada, usijipalie makaa," mkuu alisema. "Andika hii ya sasa. Ile tulishaizika."

"Tuliyemzika ni mpishi."

Akaandika yote, kosa lake likiwemo, akatia sahihi.

Jumamosi alimtafuta yule afisa wa zamani. Alimkuta kibandani anatengeneza feni.

"Nilikuita mzembe," Bi Miwani alisema. "Hukuwa mzembe, ulikuwa umechoka. Ningekusikiliza, yule mtu angekuwa hai."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Mke wangu nikichelewa kuamka huniita mzembe wa serikali. Tunacheka. Ila baba hakucheka. Amekufa akiamini nilizembea."

"Nisamehe, kaka."

"Nitajaribu. Siahidi."

Miezi mitano baadaye ilipitishwa kanuni: meli ya ukubwa ule haing'oi nanga bila maafisa watatu wa zamu. Fundi alirudishiwa leseni. Akaja kuichukua, akarudi kwenye feni zake. Ofisini watu walimpongeza Bi Miwani, naye kila pongezi ilimchoma kama mwiba.

Nakala ya ripoti aliipeleka mwenyewe kwa mama wa mpishi. Bibi yule macho yalikuwa hayaoni vizuri, akaomba asomewe. Bi Miwani alisoma kurasa zote, hata ile yenye jina lake. Hapo hakushusha sauti, akaimaliza.

Bibi alizipapasa kurasa zile.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Niliambiwa, mama," Bi Miwani alijibu. "Nikakataa kusikia."