Hatua Thelathini Hadi Mlamula

Kutoka mlango wa jiko langu hadi mlamula wa mpaka zilikuwa hatua thelathini. Nilizihesabu baada ya kuolewa, siku ya kwanza niliporuhusiwa kutoka nje. Hakuna aliyenituma. Bibi harusi wa Kihaya alifichwa ndani muda mrefu siku zile, na nilipoachiwa mlango sikuwa na hamu ya jambo jingine ila kujua mambo. Huo ndio ugonjwa wangu tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akiwaambia watu kwamba nilipozaliwa sikulia, niliuliza.

Mwaka uliofuata, mume wangu Buberwa akiwa kibaruani Uganda, nilihesabu tena nikapata ishirini na nane.

Mlamula ni mti mwembamba wenye majani marefu, nasi watu wa Ijumbi huupanda kutenganisha kibanja, yaani shamba la migomba la mtu, na kibanja cha jirani. Ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini, linaota. Kwa hiyo kuuhamisha si kazi. Kazi ni kupata usingizi baadaye. Niliinama nikaushika udongo penye shina. Ulikuwa laini, umechimbuliwa karibuni. Ng'ambo ya pale palikuwa kwa Karugendo, na sisi ndio tuliopunguziwa hatua mbili.

Nilinyamaza, mimi ambaye sikujua kunyamaza. Karugendo hakuwa jirani tu. Yeye na mume wangu walikuwa wamefanya omukago, udugu wa damu. Walipokuwa vijana walichanjwa kidogo chini ya kitovu, wakachukua punje mbili za kahawa zilizotoka katika tunda moja, kila mmoja akaipaka yake damu, na mwenzake akaimeza. Padri alikuwa amelikataza jambo hilo, na wote wawili walikuwa Wakatoliki wa mabenchi ya mbele, lakini kovu halisomi katekisimu. Sheria yake ilijulikana na kila mtu: ukimkosea ndugu yako wa damu, ile punje inavimba ndani ya tumbo lako mpaka ikuue. Ningesema nini mimi, mke wa mwaka mmoja? Wangeniambia nimekuja kuwagombanisha wanaume.

Buberwa alirudi wakati wa Pasaka, mwaka 1951. Alizunguka kibanja chote, akashika migomba yake mmoja mmoja, akaja akala. Kuhusu mlamula hakusema neno. Nikadhani hakuona.

Mwezi wa kumi, mavuno yakielekea mwisho, alikuwa akipogolea mibuni. Aliteleza, akaangukia kisiki cha tawi alilotoka kulikata, kikamchoma chini ya kitovu, vidole viwili tu kutoka kwenye lile kovu. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, la kutoshea punje ya mahindi. Alicheka, akapaka utomvu wa mgomba na majivu, akaendelea na kazi. Siku ya nne alifunga kitambaa kiunoni na hakutaka nimwone akivua shati. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya sita, jua likiwa kali uani, nilimkuta amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana.

Nilifunua. Tumbo lilikuwa limevimba upande mmoja, jekundu, linang'aa, la moto. Lile kovu la zamani lilikuwa limevutwa na uvimbe likaonekana kama jana. Alikuwa anahema upesi upesi, na macho yake yaliniangalia bila kunijua.

Baba mkwe wangu, mzee Kaijage, aliletwa kuangalia. Aliangalia kidogo tu, akafunika.

"Ni omukago," alisema.

Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni, kama inavyompasa mke mbele ya baba mkwe. "Tata, waitu," nilimwita kwa heshima, "kuna tundu la kisiki pale."

"Mukamwana, mke wa mwanangu, visiki vinatuchoma kila mwaka. Umeona nani amevimba hivi?"

Hapo Buberwa, katika homa yake, alisema kwa sauti iliyosikika nyumba nzima: "Nimemkosea Karugendo." Alirudia mara tatu. Baada ya hapo nani angezungumza habari za hospitali? Kaijage alisema sindano haifungui kiapo, na kwamba mgonjwa wa kiapo akitolewa nyumbani hufia njiani. Wa kumfungua alikuwa mmoja tu, yule aliyekosewa. Walituma mtu kwa Karugendo asubuhi, hakuja. Wakatuma tena mchana. Alijibu kwamba ana kahawa ya kuanua, na wazee wakatikisa vichwa: mnaona jinsi alivyokosewa?

Nitasema ukweli. Usiku ule niliogopa, lakini zaidi ya kuogopa nilitaka kujua. Buberwa amemkosea nini Karugendo? Aliyesogeza mpaka si yeye. Kama punje ilikuwa inajua kazi yake, mbona ilikuwa imevimba katika tumbo lisilo lenyewe?

Kulipopambazuka nilivuka mpaka. Karugendo alikuwa uani kwake, amechuchumaa kwenye jamvi, anachagua kahawa. Nilipiga magoti nikamsalimu. Hakuinua uso.

"Shemeji, nimekuja na swali."

"Wewe siku isiyo na swali utakuwa umekufa."

"Katika omukago, anayevimba ni yupi? Aliyekosa au aliyekosewa?"

"Aliyekosa. Hata watoto wanajua."

"Na aliyesogeza mlamula wa ndugu yake, huyo amekosa au hajakosa?"

Mkono wake ulisimama juu ya kahawa. Nilimtazama tumboni, sikuficha. Alikuwa mwembamba, mkanda wake umefungwa kwenye tundu la mwisho.

"Sikuja kukugombeza," nilisema. "Sijamwambia mtu. Nataka tu kuelewa, kwa sababu mume wangu anakufa, na hesabu yangu haikubali."

Aliikung'uta mikono yake. Kisha akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa shati la kanisani.

Alipofika kwetu hakwenda kitandani kwa mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Kaijage, akapiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, mwanaume mzima mwenye watoto wanne.

"Tata, huu si ugonjwa wa omukago."

"Umejuaje?"

"Ungekuwa wa omukago, hapo ningelala mimi."

Akaeleza yote: alivyong'oa mlamula Buberwa akiwa Uganda, alivyouchomeka ndani ya kibanja chetu, na alivyokuwa akiamka kila siku akijipapasa tumbo. Hakutaja jina langu. Alipomaliza, zilisikika pumzi za Buberwa. Mimi nilitegemea bakora, au laana. Mzee Kaijage alimwangalia tu, kisha akamwangalia mwanawe.

"Leteni machela," alisema.

Karugendo alishika mti wa mbele. Walimbeba mume wangu mpaka barabarani kwa zamu, lakini ule mti wa mbele Karugendo hakumwachia mtu. Lori lililokuwa limepakia kahawa ya kwenda Bukoba likatuchukua, tukamlaza juu ya magunia. Nilipogeuka, Karugendo alikuwa bado amesimama pale barabarani, ameshika miti mitupu ya machela.

Katika hospitali ya serikali daktari Mzungu alibonyeza, akanusa, akauliza tumepaka nini. Nilimtajia yote, hata mavi ya ng'ombe ambayo shangazi mmoja aliongeza siku ya sita. Aliyenitafsiria alikuwa dresa mmoja, msaidizi wa daktari, jina lake Rugambwa, mtu wa Bukoba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniambia kwamba usaha umeingia katika damu, na damu sasa inautembeza mwili mzima. "Mngechelewa siku moja," alisema, na sentensi hakuimaliza.

Walimpasua. Beseni lilitoka limefunikwa kitambaa, nami niliomba nione. Rugambwa alidhani ninatania. Kisha ikaanza dawa: unga mweupe katika kichupa kisichozidi kidole gumba, wanautia maji, wanavuta kwa sindano. Kila saa tatu, mchana na usiku, sindano. Chupa ya maji ya chumvi ikaning'inizwa na kudondoka mkononi mwake. Nilijifunza kusoma saa ya ukutani kwa ajili ya sindano zile, na ikipita dakika moja nilikuwa nimeshasimama mlangoni.

"Dawa hii inaitwaje?"

"Penisilini."

"Inatoka wapi?"

"Katika ukungu. Kama ule wa kwenye chakula kilicholala."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumbi. Chakula kilicholala mimi nilikuwa namwaga. "Na inajuaje wapi pa kwenda?"

"Haijui, mama. Inazunguka tu na damu. Inapowakuta wadudu, inawaua."

"Wadudu waliingilia wapi? Kwenye kisiki, au kwenye kovu?"

Rugambwa alitazama huku na huku, kisha akainua shati lake kidogo. Chini ya kitovu alikuwa na alama ileile. "Hili nimekaa nalo miaka kumi na miwili," alisema. "Wodini hapa sijamwona aliyelazwa kwa ajili yake. Wa visiki na misumari nimewaona wengi."

Siku ya tatu homa haikushuka, na nililia chooni ili asinione mtu. Siku ya tano asubuhi niligusa paji la uso wake, lilikuwa la baridi. Niliogopa kuliko wakati wa moto, nikakimbia kumwita Rugambwa. Alikuja, akashika mkono wa Buberwa, akasikiliza, akaniambia: "Amelala, mama. Huu ni usingizi wa kawaida."

Watu hudhani mtu akipona amepona. Buberwa alitoka hospitali baada ya wiki nne, ngozi ya viganja inambanduka, nywele zinabaki kwenye mto, miguu imesahau kazi. Alisahau majina ya watu. Alilia kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Tukakaa Buhembe, karibu na mji wa Bukoba, kwa ndugu yangu Joviana, nami nilimtembeza kutoka mbuni hadi mbuni kama mtoto, leo mitatu, kesho mitano.

Siku alipofika mbuni wa kumi alikaa chini, akapumua, nami nikaona wakati wangu umefika. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

"Ulisema umemkosea Karugendo. Ulimkosea nini?"

Alichuma jani akalichanachana. "Amekuambia habari za mlamula?"

"Amemwambia baba yako, mbele ya watu."

"Niliuona siku ile niliporudi. Udongo ulikuwa bado haujashikamana." Alitupa vipande vya jani. "Ningekwenda kumwuliza, Kokubanza. Ni hatua chache. Badala yake nilisema moyoni, omukago utamshughulikia. Kila Jumapili kanisani nilikaa nyuma yake nikimtazama kiuno. Nikasubiri avimbe. Miezi sita nilimsubiri ndugu yangu afe, nikamsalimu na kucheka naye. Nilipovimba mimi sikushangaa hata kidogo."

Mimi pia nilikuwa nimeuona ule udongo. Tulikuwa watu watatu tuliojua, na kila mmoja alikuwa amejikalia na lake huku mgonjwa akioza.

Tulirudi Ijumbi kabla ya Krismasi. Watu walikuja kumwona aliyerudi kutoka kwa wafu, wakaleta ndizi, wakaleta rubisi, pombe ya ndizi. Karugendo hakuja. Siku ya tatu Buberwa alichukua fimbo yake mwenyewe, akaenda hadi mpakani, akaita jina lake mara moja. Karugendo akaja na shati lile la kanisani, akakaa karibu na mlango kama mgeni. Buberwa alifungua kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, akachagua tunda moja, akalipasua kwa meno. Punje moja akatia kinywani. Nyingine akaiweka katika kiganja cha Karugendo.

Walitafuna. Karugendo alikuwa anatokwa na machozi, na hakuyafuta.

Mimi nilitoka nje kuwaachia nyumba, na miguu ikanipeleka yenyewe. Kutoka mlango wa jiko nilihesabu hadi mlamula, ambao Karugendo alikuwa ameurudisha tulipokuwa hospitali. Nikapata thelathini na mbili. Nikafikiri labda Bukoba imenifupisha miguu. Nikarudi, nikahesabu tena polepole, nikapata thelathini na mbili. Mara ya tatu vilevile.

Nilisimama pale, mkono juu ya shina, nikisikia wanaume wawili ndani wameanza kuzungumza. Udongo ulikuwa umeshindiliwa vizuri. Nikarudi jikoni kumenya ndizi, na jambo hilo sikumwuliza mtu.