Maganda Ndani ya Ndara

Burumba nzima hakuna mwanamke anayenishinda kutembea. Niliwaambia wauguzi hivyo nikiwa nimelala chali wiki ya pili, miguu yangu haijui kama iko kitandani au iko Malaba.

Ilikuwa imekufa ganzi. Daktari alisema damu yangu imekosa vitamini kwa miaka, na nisipokula vizuri nisahau kutembea. Mchana nikisinzia niliiona miguu hiyo imetoka peke yake, imepanga foleni katikati ya malori ya mpakani, imetulia, haina hata kitambulisho. Naiita, haigeuki.

Sista Hasina alinidunga sindano, halafu akaniletea yai la kuchemsha.

"Kula, nyanya."

"Kwetu mwanamke hali yai. Ni la wanaume."

"Wanaume wako wadi ya pili, na wanatembea. Wewe je?"

Msichana huyo ana mdomo. Nilingoja aende, nikalimega kidogo kama mtu anayeonja chumvi. Kiini kilikuwa laini, rangi ya jua la saa kumi na moja jioni. La kesho yake nililimaliza. Maganda niliyasukuma ndani ya ndara zangu zilizofunikwa kama viatu, chini ya kitanda, maana wifi yangu Asekenye, dada ya marehemu mume wangu, alikuja kila siku na uji, na hakuna anayelinda mila za baba yake kama yeye.

Siku ya kumi alisimama akanusa hewa.

"Wifi, mayai yako yanaenda wapi?"

"Nampa Amuge, yule wa kitanda cha dirishani. Amekulia Kampala, hajui mila."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la kaka yako."

Akaridhika, akafunga chupa ya uji. Mimi nilikuwa nimeota mchana huo miguu yangu imerudi, iko mlangoni, ina vumbi jekundu hadi magotini, inaona haya kuingia. Nikasema leo nitamsindikiza mgeni wangu, hata kama ni hadi mlangoni tu. Asekenye akanishika kiwiko. Nikaingiza mguu ndani ya ndara.

"Uwi," nikasema.

Kitu kilinichoma kisigino. Kilinichoma kweli. Nikakaa tena kitandani nikicheka huku machozi yakinitoka, kwa sababu kisigino changu kilikuwa kimefika nyumbani.

Asekenye aliinama, akaokota ndara, akaikung'uta. Maganda yakamwagika sakafuni, meupe, ya siku mbili tatu.

"Kumbe Amuge," akasema polepole, "hula akiwa amevaa ndara zako?"