Alhamisi za Verlyn

Verlyn Haugen alizikwa mwezi wa Oktoba, siku ya mvua ya baridi, na Alhamisi iliyofuata akaandika kwenye blogu yake kama kawaida.

Mkewe, Ardis, alikuwa jikoni akiosha mabakuli ya majirani walioleta chakula cha msiba. Simu ikatoa mlio mfupi. Makala mpya: jinsi ya kunoa keekee ya kutobolea barafu kabla ya majira ya kuvua kuanza. Alikaa kitini na kitambaa cha vyombo mkononi, akaisoma yote, mpaka maneno ambayo mumewe hakuwahi kuyaacha: "Vaeni jozi mbili za soksi."

Hakushtuka sana. Alijua zilivyoandikwa. Wakati wa kiangazi, daktari alipowaambia matibabu yatafika hadi katikati ya baridi, Verlyn alihamia kibarazani na kompyuta yake, akaandika makala za msimu mzima, kila moja akiipangia Alhamisi yake ya kutoka yenyewe. Alikuwa ameandika kila wiki kwa miaka mingi kuhusu Ziwa Tamarack na barafu yake, ambayo watu hutembea juu yake wakati wa baridi na kuitoboa ili wavue samaki, na hakutaka watu wafungue blogu wakute patupu.

"Nitazipitia kila Jumatano kabla hazijatoka," alimwambia Ardis. "Nitarekebisha palipobadilika."

Ardis alimletea blanketi la miguu, wala hakumwuliza, na usipoweza je?

Basi Alhamisi zikaendelea kuja. Ardis aliamka mapema, akapika kahawa, akaketi upande wake wa meza, akamsoma mumewe. Kilikuwa kitu pekee katika wiki ambacho hakikuwa kimebadilika. Watu wa pale mjini walijua hali ilivyo, wakanyamaza kwa heshima. Wasomaji wa mbali hawakujua. Waliandika chini ya makala: Habari za siku nyingi, Verlyn. Tutaonana barafu ikishika. Ardis aliwasoma nao, asimjibu hata mmoja. Kuwajibu kungekuwa kusema jambo lenyewe, na mahali hapo pekee, kwenye ile skrini, lilikuwa bado halijasemwa.

Mwaka huo Desemba ilikuja na joto. Theluji iliyoanguka iliyeyuka, na ziwa likabaki na ukoko mwembamba wa kijivu. Alhamisi moja asubuhi Duane, mdogo wake Verlyn, mwenye duka la chambo kando ya ziwa, aligonga mlango wa nyuma.

"Shemeji, kaka yangu amekokota kibanda ziwani leo."

"Nimesoma. Ingia, unapoza nyumba."

"Naingia. Kahawa ipo, au ni ile yako ya rangi ya chai?"

"Ni ile ile usiyoipenda na birika unalimaliza wewe."

Duane alijimiminia kikombe, lakini hakuketi. Kofia yake aliivua, akawa anaizungusha mikononi.

"Amekuja bwana mmoja dukani, katoka mji wa mbali, kaondoka kwao kukiwa bado giza. Yuko na baba yake, mzee kabisa, na sleji ya kukokota barafuni, imejaa vyombo. Anataka chambo. Nikamwuliza, chambo cha kuvulia wapi, ziwa hulioni? Akanionyesha simu. 'Verlyn amekokota kibanda mpaka Ghuba ya Kanisa, kapita kwa miguu. Verlyn hadanganyi.'"

Kila mwaka, wiki ile, Verlyn alikokota kibanda chao cha kuvulia hadi Ghuba ya Kanisa. Aliandika kibarazani, jua likiwaka, jambo ambalo alikuwa na hakika litakuwa hivyo.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Yule mzee akavua kofia. Mwanawe akaniuliza, mbona haijaandikwa popote?" Duane alitazama chini. "Huyo kapita dukani kwangu, shemeji. Wapo wanaoingilia upande wa pili wa ziwa, ambako hakuna duka."

Ardis aliifungua kompyuta. Aliiondoa ile makala pale pale. Ilikuwa mara ya kwanza kumfuta Verlyn mahali popote; hata koti lake lilikuwa bado msumarini. Kisha akafungua ukurasa mtupu. Akaandika, "Mume wangu." Akafuta. Akaandika, "Kwa masikitiko makubwa." Akafuta hilo pia, kwa sababu Verlyn angelicheka.

"Andika wewe," alisema. "Ni kaka yako."

"Nikiandika mimi watu watadhani nauza chambo."

"Duane."

"Sifanyi mzaha. Wamezoea habari zitoke katika nyumba hii." Alivaa kofia. "Tena unaanzia pabaya, shemeji. Kaka hakuwahi kuandika neno kabla hajaenda kuitazama barafu. Isipokuwa hizi za kiangazi, na umeona zilivyotufanyia. Vaa viatu."

Walishuka ziwani pamoja, hadi Ghuba ya Kanisa. Duane alimfunga kamba kiunoni, mwisho wake akaushika mwenyewe akiwa amesimama kwenye changarawe ya ufukweni.

"Ukizama nitakuvuta. Uzito wako naumudu, kwa sasa."

"Subiri Krismasi ipite ndipo useme hivyo."

Alipiga hatua chache tu, akazungusha keekee, ikapenya upesi mno. Maji meusi yakapanda. Akatumbukiza fimbo ya Verlyn ya kupimia, ile aliyoichonga alama kwa kisu, akaisoma akiwa amepiga magoti. Inchi mbili, nusu ya ile inayoweza kumbeba mtu, na chini yake laini kama uji. Alikaa hivyo kidogo, mkono ukimganda, mpaka Duane alipoivuta kamba taratibu.

Nyumbani alivulia viatu mahali Verlyn alipokuwa akivulia, juu ya zulia dogo kando ya jiko la kuni. Kwa miaka yote alikuwa akimgombeza kwa lile dimbwi. Verlyn alikuwa na kawaida yake: akirudi ziwani anaketi kuandika hapo hapo, viatu vikidondosha maji, na vikiacha kudondosha naye anaacha, lililobaki halisemwi. "Nikisubiri nipate joto," alikuwa akisema, "nitaanza kuongopa."

Ardis aliketi. Viatu vikadondosha. Akaanza na barafu, kwa kuwa alitoka kuishika.

"Leo Ghuba ya Kanisa ina inchi mbili, na si ngumu. Msipande. Makala ya asubuhi iliandikwa wakati wa kiangazi, nami sikuiangalia; kosa hilo ni langu. Verlyn alifariki mwezi wa Oktoba. Zote mlizosoma tangu hapo aliziandika akiwa hai, kwa ajili yenu. Mimi ni Ardis, mkewe. Vaeni jozi mbili za soksi."

Aliitoa kabla viatu havijakauka. Duane aliisoma kwenye simu yake akiwa amesimama dirishani, akairudia toka mwanzo.

Zilizobaki Ardis hakuzifuta. Aliziondolea tarehe moja baada ya nyingine bila kuzifungua, zikabaki humo ndani zikiwa hazina siku ya kutoka. Alihisi kama anamfunika mtu aliyelala.

Jumatano iliyofuata hakutaka kwenda ziwani kupima. Aliamka na kichwa kizito, akajiambia kwamba wiki moja si kitu, na kwamba yeye si mwandishi. Baada ya chakula cha mchana akatazama nje. Duane alikuwa ameketi kwenye pikapu, keekee nyuma, wala hapigi honi.

"Nani kakuita?" alimwuliza alipotoka.

"Hakuna. Napita tu."

"Tangu saa ngapi unapita?"

"Panda, shemeji. Jua halitusubiri."

Walirudi na baridi mashavuni. Ardis aliweka viatu kando ya jiko, akaacha dimbwi litambae mpaka kwenye mbao, akafungua ukurasa. Chini ya ile makala yake watu wengi walikuwa wameandika, hata yule bwana aliyekuja na baba yake. Angewajibu baadaye. Maji yalikuwa bado yanadondoka.

"Inchi tatu," aliandika. "Bado."