Ng'ombe wa Baba

"Simama, mama, simama," Rugamba alimwambia ng'ombe, akang'oa kupe mwingine nyuma ya sikio na kumponda kwa jiwe. Ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa Kizito, Mnyankole mwenyeji, mwenye malisho kando ya ziwa Nakivale, na Rugamba alimchungia kwa malipo ya maziwa. Lakini ukimsikia anavyozungumza naye ungeapa wamelelewa nyumba moja.

Mkewe, Nyirakamana, alikuja polepole kwenye njia ya katikati ya mahindi, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika mfuko wa nguo. Gari la kwenda Mbarara lilikuwa likingoja Base Camp, penye ofisi za kambi ya wakimbizi. Huko hospitali kubwa angepasuliwa kuondolewa uvimbe, na daktari hakuwaficha kwamba si kazi ndogo.

"Baba Joël," alisema, "mbele ya kwenda, niko na neno moja tu. Sijui kama nitarudi. Siku ile nataka tukuwe fasi moja."

Rugamba alielewa. Fasi hiyo, mahali hapo, haikuwa Nakivale bali mbinguni. Nyirakamana aliokoka tangu ujana wake, kule kwao milimani Mulenge. Yeye Rugamba kila Jumapili alimsindikiza mpaka mlangoni pa kanisa la udongo, akaketi nje juu ya dumu lililopinduliwa, fimbo katikati ya magoti, akasikiliza mahubiri yote mpaka amina ya mwisho. Nyimbo alizijua kuliko wanakwaya wenyewe. Kuingia tu ndiko kulikomshinda.

Majirani walisema ni kiburi. Wengine walisema anakionea huruma kiko chake cha tumbaku. Wote walikosea.

"Nilikuambia, Mama Joël," alisema bila kumtazama. "Pasta anasema Mungu alitoa Mwana wake, bure. Mimi nikipokea, nitamurudishia nini? Ng'ombe zangu zote zilibaki kule. Hapa sina hata mbuzi."

Hakuwa anatania. Kwao Mulenge, mtu akikupa ng'ombe amejifunga nawe. Ng'ombe huyo akizaa na ndama wake wakikua, unampelekea aliyekupa jike mmoja mbele ya watu, kwa maneno mazuri. Anayepokea na kunyamaza hana uso tena wa kuketi na wanaume. Rugamba alikuwa ametoa, amepokea na kurudisha maisha yake yote, hadi vita vya mwaka 1996 vilipomshusha mlimani akiwa na fimbo peke yake. Tangu hapo, mtu akimpa hata mkungu wa ndizi, usingizi humpaa akiwaza atarudisha nini.

Pasta Anatole, ambaye siku za juma aliuza nyanya sokoni, alimweleza habari za neema mpaka nyanya nyingine zikamwozea mezani. "Ni ya bure, mzee wangu. Ya bure kabisa."

Na Rugamba humjibu vilevile kila mara: "Ng'ombe ya bure, pasta, iko ya mwizi."

Mbarara, alitandika mkeka chini ya kitanda cha mkewe, kama walivyofanya wauguzaji wengine wodini. Asubuhi ya kupasuliwa hawakuzungumzia ugonjwa. Walizungumzia kwao: ukungu unaochelewa kuondoka mabondeni, nyasi zinazolowesha miguu mpaka magotini, harufu ya vyombo vya maziwa vilivyofukizwa moshi. Nyirakamana alikuwa amefumba macho, akitabasamu.

"Unakumbuka Gaju?"

Angemsahau vipi Gaju! Ng'ombe wake wa kwanza, mwekundu, mpole hata watoto walilala ubavuni pake. Jioni ukimwita jina aliitika kabla ya wengine wote.

"Nani alikupa Gaju?" mkewe akauliza.

"Baba. Siku ile nilijenga nyumba yangu."

"Na wewe ulimurudishia nini?"

Rugamba akacheka, kicheko kikubwa kilichowageuza wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Mama Joël! Mutu harudishii baba yake ng'ombe! Ile ni matusi. Ni kumuambia: wewe hapana baba yangu, wewe ni jirani tu."

Nyirakamana alifumbua macho, akamtazama. Wauguzi wakaja, wakasukuma kitanda, na Rugamba akabaki katikati ya wodi na kilemba cha mkewe mkononi.

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alitoka akaketi kwenye benchi la ukumbini. Jirani. Miaka yote hiyo, kwa adabu zake zote, alikuwa amemketisha Mungu miongoni mwa majirani. Aliona haya. Kisha akamkumbuka baba yake akifungua kamba ya Gaju na kumwekea mkononi, bila hotuba, macho yake yakicheka, na Rugamba akalia hadharani, jambo ambalo mwanamume wa Mulenge halifanyi. Maombi hakuyajua. Alisema "Baba," akasema tena "Baba," mpaka wakaja kumwita kwamba mkewe ameamka.

Masika yalipoanza, Pasta Anatole aliwapeleka wabatizwa ziwani, pale penye maji ya kina kifupi ambapo ng'ombe wa Kizito hunywa. Nyirakamana aliketi ukingoni juu ya mkeka, amekonda, akingojea siku ya kurudi kwa daktari kuangaliwa tena. Rugamba alimkabidhi fimbo yake, ambayo hakuwa amewahi kumshikisha mtu, akaingia majini na shati lake jeupe.

Alipoibuka, watu walingoja aseme amina. Yeye aliinua mikono miwili juu, akaipinda kama pembe, akapaza sauti kama walivyopaza wanaume wa kwao siku ya kupewa:

"Baba amenipa ng'ombe!"

Vijana waliozaliwa Nakivale walitazamana. Wazee walicheka huku wakijifuta macho. Nyirakamana naye alicheka, mkono mmoja umekandamiza mshono tumboni, mwingine umeishikilia fimbo. Upande wa pili wa matete, ng'ombe wa Kizito waliinua vichwa, maji yakiwadondoka midomoni, wakamtazama mchungaji wao kidogo, kisha wakainama kuendelea kunywa.